Juu ya Mtulinga

Weka kidole kwenye kongomeo, kisha kishushe polepole. Kitapita kwenye gegedu gumu, kitavuka pete nyembamba iliyo chini yake, kitaanza kuzama kwenye nyama laini, na mwisho kitatumbukia kwenye kishimo kilicho kati ya vichwa vya mitulinga miwili. Urefu wote huo hauzidi kiganja. Ndani yake, hata hivyo, vimebanana bomba la hewa, umio, ateri mbili zinazolisha ubongo, veni mbili zinazorudisha damu yake moyoni, tezi ya thairoidi na vitezi vinne vidogo vilivyojificha mgongoni mwake, neva zinazoendesha sauti, neva zinazokwenda mikononi, na misururu ya tezi za limfu, ambazo kwa shingo nzima hufika takriban 300. Hata mapafu yamo. Ncha zake hupanda sentimita 2 hadi 3 juu ya mtulinga, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani kifua kinaishia kwenye mfupa huo.

Uvimbe ukiota mahali palipobanana namna hii, huonekana mapema na hutisha mapema. Mwenye uvimbe wa tumboni anaweza kukaa nao mwaka mzima bila mtu kujua, ila wa shingoni jirani ndiye huuona kwanza. Kwa hiyo mtu akifika hospitali anakuwa ameshapewa majina matatu ya ugonjwa wake na dawa nne za kujaribu, na ameshaamua anachokitaka. Kwenye mabenchi ya idara za radiolojia, Tanga kama kwingine nchini, hicho kinachotakiwa kina jina lake: kipimo kikubwa. Maana yake ni CT. Zamani mgonjwa wa Tanga aliyeihitaji alipanda basi kwenda KCMC, Moshi, au Muhimbili, Dar es Salaam. Katika miaka ya karibuni mashine hizo zimesambazwa hadi kwenye hospitali za rufaa za mikoa, na ni jambo la kushukuru. Lakini kwa sehemu hii ya mwili, kipimo kikubwa mara nyingi hujua kidogo kuliko kile kidogo, na kikitangulizwa bila sababu kinaweza hata kuharibu mambo. Nitaeleza namna gani.

Tuseme mgonjwa wetu ni mama wa miaka arobaini na ushei kutoka Moa, kule pwani ya Mkinga. Ana uvimbe chini ya shingo, upande wa kulia, wa ukubwa wa ndimu. Amefika hospitali ya Bombo, Tanga, asubuhi na mapema, na sasa ameitwa ndani. Kijana wa ultrasaundi anamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Lala chali. Hapa nakuwekea mto chini ya mabega, kichwa kiende nyuma. Kitenge chako kishushe kidogo tu. Hii jeli ina baridi, usishtuke."

Kabla hajagusa mashine anaweka vidole viwili juu ya uvimbe. "Meza mate, mama."

"Yamekauka, baba. Nimetoka nyumbani alfajiri sijala kitu."

Analetewa maji kwenye kikombe, anapiga funda moja. Uvimbe unapanda pamoja na kongomeo, halafu unashuka. Kijana anaandika neno moja kwenye fomu.

Funda hilo la maji limekwisha kufanya kazi kubwa. Tezi ya thairoidi imefungwa kwa tishu ngumu kwenye bomba la hewa, na kila tunapomeza bomba hupanda na tezi ikapanda nalo. Tezi za limfu hazikufungwa hapo. Mtu akimeza, zenyewe hubaki palepale. Basi swali la kwanza kuhusu uvimbe wa chini ya shingo ni uko wapi na umeshikana na nini. Ukubwa wake, ambao ndio humtisha mgonjwa, unakuja nyuma sana kwenye foleni.

Tuanze na zile zisizopanda.

Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu. Watu wengi wanapousikia ugonjwa huo hufikiria kikohozi na damu, ila vimelea vyake hupenda pia tezi za limfu, na hasa za shingo. Mgonjwa huwa kijana, mara nyingi hakohoi kabisa, na uvimbe wake hauumi. Hukua kwa wiki na miezi kando ya shingo na juu ya mtulinga, tezi ya kwanza, ya pili, kisha zinagandana. Zikiachwa, ngozi inageuka rangi, inapasuka, na usaha unatoka kwenye kidonda kisichofunga. Wenye makovu hayo shingoni wapo, na wengi wao walipita kwanza kwa watu wa chale na dawa za kupaka.

Kwenye ultrasaundi tezi ya limfu yenye afya ina umbo la yai lililolazwa, kingo zake ni nyeusi kiasi, na katikati kuna mstari mweupe wa mafuta ambako mishipa ya damu huingilia. Kifua kikuu kikiivamia, mstari ule hupotea. Tezi huvimba, katikati yake panakuwa peusi kwa kuwa nyama imeoza na kuwa majimaji, na ukiwasha rangi za kuonyesha damu unakuta damu inazunguka pembeni tu. Nyama inayozizunguka nayo huvimba, na tezi hazitengani tena hata ukizisukuma kwa probu, kile kifaa cha ultrasaundi kinachopitishwa juu ya ngozi. Saratani ya limfu ina tabia nyingine: tezi huwa za duara, nyeusi karibu sawasawa, nyingi, na kila moja hukaa peke yake. Nasema tabia kwa makusudi, kwa sababu haya mawili huigana. Picha inakupa la kushuku, na sindano nyembamba ndiyo inayokata shauri. Majimaji yaliyofyonzwa yakiwekwa kwenye mashine ya GeneXpert, majibu ya kifua kikuu hupatikana ndani ya saa mbili hivi, pamoja na taarifa kama vimelea vimeshakuwa sugu kwa rifampisini.

Tiba yake ni vidonge vya miezi 6, na hapo Tanzania ina historia ambayo sisi wenyewe tunaisahau. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulioanza mwaka 1977, ukishirikiana na daktari wa Kicheki Karel Styblo, ndio uliokuwa kielelezo cha utaratibu wa kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa, ambao katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliupeleka ulimwenguni kote. Hata hivyo, tezi za shingo zina kitimbi chake. Kwa wagonjwa si wachache, uvimbe huongezeka katikati ya matibabu, au tezi mpya zinajitokeza, ilhali vimelea vinakufa. Ni kinga ya mwili inayochachamaa. Asiyeambiwa mapema huona dawa imemshinda, huiacha, na hapo ndipo hatari ya kweli inapoanza.

Kuna tezi moja inayostahili aya yake. Iko upande wa kushoto, nyuma ya kichwa cha mtulinga. Limfu yote ya miguu, tumbo na nusu ya kushoto ya kifua hukusanywa kwenye mfereji mmoja unaopanda mbele ya uti wa mgongo na kumwagikia kwenye veni pale chini ya shingo, kushoto. Seli za saratani zilizobanduka tumboni husafiri na mkondo huohuo, na zingine hunasa kwenye tezi ya mwisho kabla ya damu. Rudolf Virchow, mwanapatholojia wa Kijerumani, aliieleza mwaka 1848. Mfaransa Charles Emile Troisier akaifafanua zaidi mwaka 1889. Tangu hapo, uvimbe mgumu wa kushoto juu ya mtulinga kwa mtu mzima humfanya daktari aache kuangalia shingo, ashuke tumboni na nyongani: tumbo la chakula, kongosho, ovari, korodani, shingo ya kizazi. Shingo ya kizazi naitaja kwa mkazo kwa sababu saratani yake ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Upande wa kulia humpeleka daktari zaidi kwenye mapafu, na umio nao huweza kujitokeza huku au kule. Saratani ya umio ina ukanda wake mrefu Afrika ya Mashariki, na Kilimanjaro imo ndani yake. Hapa CT ina kazi ya haki kabisa, ila inapigwa kifuani na tumboni kutafuta chanzo. Shingo imeshasema lake.

Eksirei ya kawaida ya kifua, iliyo nafuu na inayopatikana hata Pangani na Handeni, nayo huonyesha eneo hili kuliko watu wanavyodhani. Bomba la hewa huonekana kama ukanda mweusi katikati. Likipinda upande mmoja, kuna kitu kinalisukuma. Kidonda cha kifua kikuu kwenye ncha ya pafu hujificha nyuma ya mtulinga, na fundi mzuri humwambia mgonjwa aegemee nyuma, tumbo mbele, ili mitulinga ipande na ncha zibaki wazi. Mara chache huonekana ubavu wa ziada unaoota kwenye pingili ya mwisho ya shingo. Walio nao hawafiki mtu 1 kati ya 100, wengi hawajui kama wanao, na wachache mikono huwafa ganzi kwa kuwa neva na mishipa imebanwa.

Sasa turudi kwa mama wa Moa, ambaye uvimbe wake ulipanda.

Probu ya shingo ni bapa, na mawimbi yake ni ya megahezi 7 hadi 15. Kadiri mawimbi yanavyokuwa ya juu ndivyo picha inavyokuwa kali na ndivyo yanavyoshindwa kwenda mbali. Kwa tezi iliyo sentimita moja hivi chini ya ngozi, huo ni mpango uliotimia. Probu ikikaa katikati, bomba la hewa linaonekana kama tao jeupe lenye giza nyuma yake, kwa sababu sauti haivuki hewa. Huku na huku mna ndewe mbili za tezi, za kijivu chepesi kisicho na mawaa, zimeunganishwa mbele ya bomba na daraja la milimita chache. Nje ya kila ndewe kuna duara linalodunda, yaani ateri, na pembeni yake veni inayobonyea ukikandamiza kidogo. Nyuma ya ndewe ya kushoto huchungulia kitu cha mviringo chenye tabaka tabaka. Wanafunzi wengi wamekiandika kuwa ni uvimbe. Ni umio: mpe mgonjwa maji ameze, utaona mapovu yakipita katikati yake.

Ndewe ya kawaida ina urefu wa sentimita 4 hadi 6 na unene usiofika 2. Kupata ujazo, fundi hupima urefu, upana na unene, huvizidisha, kisha huzidisha na 0.52. Kwa mama huyu ndewe ya kulia imezidi mara kadhaa, ya kushoto nayo si ndogo, na zote zimejaa vinundu. Hili ndilo rovu, na hapa inabidi tutoke kwenye chumba chenye giza twende juani, kwenye mashamba ya chumvi.

Thairoidi hutengeneza homoni zinazopanga kasi ya mwili, na malighafi yake ni iodini, ambayo kwenye pakiti zetu za chumvi huandikwa madini joto. Homoni kuu ina atomi 4 za iodini; hakuna kinachoweza kukaa mahali pake. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Ikikosekana, ubongo huituma tezi ifanye kazi zaidi, nayo kwa kutii hukua. Baada ya miaka mingi ya kutii hivyo hujaa vinundu, na vingine huacha kabisa kusikiliza amri. Hilo la uvimbe ndilo tunaloliona. Baya zaidi ni lile lisiloonekana kwenye picha yoyote ya shingo: mtoto aliyekosa iodini tumboni mwa mama huzaliwa na akili iliyopunguzwa kabla hajaiona dunia.

Ugonjwa huu unajulikana kuwa wa milimani, ambako mvua imeosha iodini kwenye udongo. Mtu wa pwani hujiona salama: anakula samaki, anapumua hewa ya bahari, na chumvi yake imetoka baharini. Mimi naona imani hii imetuponza. Fanya hesabu. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi na takriban mikrogramu 60 za iodini. Gramu 10 za chumvi zinatokana na maji yasiyofika theluthi ya lita, kwa hiyo hata iodini yote ingebaki, ingekuwa mikrogramu 17, kama sehemu moja ya tisa ya mahitaji ya siku. Na haibaki yote. Jua na upepo huchukua sehemu yake. Chumvi nyeupe inayokaushwa kwenye fukwe za Tanga na Mkinga, ikitoka ilivyo, ni ya bahari kwa jina na karibu tupu kwa iodini.

Ushahidi uko ng'ambo ya mkondo, kiasi cha kilomita 50 kutoka fukwe za Tanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu watoto wa shule wa Zanzibar ulikuta rovu kwa asilimia 32 ya watoto wa Pemba na asilimia 21 wa Unguja. Visiwani, penye samaki! Kaya zenye chumvi ya madini joto zilikuwa karibu theluthi mbili Unguja. Pemba zilikuwa asilimia 1. Wapemba walikuwa wakila chumvi ya kwao wenyewe, na hawakujua kama kuna tatizo. Mwani unaolimwa huko na huku kwetu, nao hukaushwa na kusafirishwa nje. Ukiongeza muhogo, ambao sumu yake isipotolewa vizuri hugeuka mwilini kuwa kitu kinachoizuia iodini kuingia kwenye tezi, unapata sababu za kutosha.

Upande wa bara hadithi imekwenda vizuri zaidi. Katika miaka ya 1980 rovu lilikadiriwa kwa asilimia 25 ya watoto wa shule nchini. Kuanzia mwaka 1986 wilaya zilizoathirika zaidi ziligawiwa vidonge vya mafuta yenye iodini, na katikati ya miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi yote ya kula itiwe madini joto. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2004 ulikuta rovu limeshuka hadi takriban asilimia 7. Waliobaki nyuma ni wazalishaji wadogo wa pwani, ambao hupulizia dawa chumvi iliyorundikwa kwa bomba la mgongoni, lilelile la kupulizia mimea. Juu ya lundo iodini inazidi, chini haipo.

Mafuta yale ya vidonge yana nasaba ya kuvutia. Mfaransa Marcel Guerbet aliyatengeneza mwaka 1901, kwa kuunganisha iodini na mafuta ya mbegu za afyuni. Mwaka 1921 wenzake Sicard na Forestier waligundua kwamba yakidungwa mwilini huonekana wazi kwenye eksirei, kwa kuwa atomi ya iodini ni nzito na huzuia mionzi. Yakawa miongoni mwa dawa za mwanzo za kung'arisha picha. Miongo kadhaa baadaye mafuta ya jamii hiyo yakaonekana kuwa njia rahisi ya kumpa mwanakijiji akiba ya iodini ya mwaka mzima.

Vinundu vya mama wa Moa vinasomwa kimoja kimoja. Kuna kilichojaa maji matupu: hakina neno. Kuna kilichojaa vijitundu vingi, kimefanana na dodoki lililokatwa: nacho hakina neno. Kinachomsimamisha msomaji ni kinundu kigumu, cheusi kuliko misuli, chenye kingo zilizochongoka, kilichosimama wima badala ya kulala, na chenye vidoa vidogo vyeupe vya chokaa ndani yake. Tangu mwaka 2017 wataalamu wengi hutumia jedwali la alama la Chuo cha Radiolojia cha Marekani: kila sifa ina alama zake, jumla yake inaamua kama sindano inahitajika, na hata kinundu chenye sura mbaya kabisa kwa kawaida hakichomwi kikiwa chini ya sentimita 1.

Kwa nini kungoja? Korea Kusini inatujibu. Mpango wa uchunguzi wa saratani ulipoanza huko mwaka 1999, hospitali ziliongeza ultrasaundi ya thairoidi kwa malipo kidogo, na watu wazima wasioumwa popote wakapimwa kwa wingi. Kufikia mwaka 2011 kiwango cha saratani ya thairoidi kilikuwa mara 15 ya kile cha mwaka 1993. Vifo havikubadilika. Maana yake, maelfu walikatwa tezi kwa ajili ya visaratani ambavyo vingekaa kimya hadi wafe kwa jambo jingine. Kila tezi iliyotolewa ilihatarisha neva ya sauti inayopita nyuma yake, nyembamba kama milimita 2, na vitezi vinavyolinda kalisi ya damu. Katika mji uliowapa watu wa pwani taarabu ya Black Star na Lucky Star, hatuna haja ya kuelezana thamani ya sauti. Ukikutana na kambi ya upimaji inayokualika upigwe ultrasaundi ya shingo bila dalili yoyote, pita.

Sasa CT. Kuna rovu ambalo halikubali kubaki shingoni, hushuka nyuma ya mfupa wa kifua, mahali ambapo ultrasaundi haioni kitu kwa sababu mfupa unaizuia. Dalili zake ni kukosa pumzi ukilala, kukwama kwa chakula, na sauti ya kukoroma ukiwa macho. Daktari humwambia mgonjwa anyanyue mikono yote miwili kando ya kichwa kwa dakika moja. Uso ukivimba na kuiva, veni zimebanwa mlangoni mwa kifua. Jaribio hilo Pemberton wa Uingereza alilieleza mwaka 1946, na halina gharama. Kwa mgonjwa wa namna hii CT ndiyo inayosema bomba la hewa limebaki na upana gani, rovu limefika wapi, na kama daktari wa upasuaji atalitoa kupitia shingoni au itabidi kifua kifunguliwe.

Mara nyingi CT hiyo haihitaji hata dawa ya mshipani, kwa kuwa thairoidi hujitangaza yenyewe. Iodini iliyojikusanyia huifanya ing'ae kuliko misuli yote iliyo jirani. Dawa ya kung'arisha nayo ni iodini: chupa moja ya mililita 100 ina gramu 30 au zaidi. Karibu yote hutoka kwenye mkojo ikiwa bado imefungwa ndani ya dawa, ila kiasi kinachofunguka huzidi kwa mbali mahitaji ya siku. Mtu mwenye rovu la vinundu la miaka mingi, vile vinundu visivyosikiliza amri, anaweza kuipokea iodini hiyo kama karamu. Wiki chache baadaye moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, anakonda huku anakula. Jambo la aina hiyo lilionekana katikati ya miaka ya 1990 huko Zimbabwe na Kivu, mashariki ya Kongo, chumvi yenye iodini ilipoingia kwa nguvu kwa watu walioikosa muda mrefu. Chumvi ilibaki kuwa sawa, na watoto waliozaliwa baadaye ndio walionufaika. Wazee wenye rovu walihitaji kuangaliwa. Basi mwenye rovu akipelekwa CT yenye dawa, kuna la kuuliza kwanza: kipimo cha damu cha thairoidi kimesemaje?

Kosa la pili hujitokeza baadaye. Tuseme sindano ya mama wa Moa imerudi na jibu la saratani, ile ya kawaida ya thairoidi, ambayo wengi hupona. Anapasuliwa, tezi inatolewa yote. Mabaki ya seli humalizwa kwa iodini yenye mionzi, dawa iliyotumiwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza na Saul Hertz huko Boston mwaka 1941, alipotibu thairoidi iliyozidisha kazi. Mgonjwa huimeza tu. Seli za thairoidi, popote zilipojificha, huifyonza kwa ulafi wao wa siku zote na kuungua kwa ndani. Nguvu ya mionzi yake hupungua kwa nusu kila siku 8. Kwa Tanzania mgonjwa huipata kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ufukweni, ilipo hospitali ya Wajerumani ya miaka ya 1890.

Ila seli lazima ziwe na njaa. Wiki 1 hadi 2 kabla ya dawa, mgonjwa huambiwa aache samaki, dagaa, mayai, maziwa, na ile chumvi ya pakiti ambayo manesi wa kliniki walimhimiza miaka yote aitumie. Kwa mtu wa Moa, kula wiki mbili bila samaki ni mtihani, lakini hupita. Kisichopita haraka ni dawa ya CT. Iodini yake hukaa mwilini ikizishibisha seli kwa wiki 4 hadi 8, na mgonjwa aliyesisitiza kipimo kikubwa mwezi uliopita, kwa uvimbe ambao ultrasaundi na sindano vingetosha kuueleza, huulizwa tarehe ya kipimo hicho, hufunguliwa kalenda, na hubaki na nauli nyingine ya kutafuta, ya kurudi Tanga kungoja.